Kopo la biskuti la Shauri Moyo

Picha ya kwanza iliingia kwenye simu yangu Jumanne jioni, nikiwa nimeshafunika meza na kuzima taa ya kazi. Aliyeituma ni Idi, kijana wa teksi ambaye huniletea saa ya marehemu baba yake kila inapokata. "Fundi, hiki ni kitu gani?" Juu ya kitambaa cha meza chenye maua ililala bastola ndogo, imepigwa picha kwa mbali na kwa mkono uliokuwa ukitetemeka.

Nilijibu papo hapo, na nilijibu vibaya. Nilimwandikia kwamba ni Bulldog ya Webley.

Kosa hilo lina sababu yake. Mimi ni fundi saa, duka langu liko juu ya ngazi moja mbovu River Road, na kwa miaka mingi watu wameniletea kila chuma cha zamani wasichokijua: darubini, vifungo vya sare, sarafu za rupia, mara moja hata meno ya bandia ya dhahabu. Ukikaa sana na vitu vya kale unajua majina machache makubwa, na macho huyakimbilia hayo. Kampuni ya Webley ya Birmingham ilianza kuuza bastola fupi ya mfukoni yenye jina la British Bulldog mwaka wa 1872: mtutu mfupi mno, risasi nene, vyumba vitano vya risasi kwenye silinda inayozunguka. Ilipendwa hata mafundi wa Ubelgiji, Uhispania na Marekani wakaiiga bila aibu. Bastola ya jinsi hiyo ndiyo Charles Guiteau aliyomfyatulia Rais Garfield mjini Washington mwezi wa Julai 1881. Kwa hiyo nilipoona kitu kifupi, cheusi, chenye silinda, akili ilimaliza kazi kabla ya jicho.

Ujumbe wangu wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza: usiishike tena, usiitie kwenye gari, usimwonyeshe mtu.

Hapo nisimame kidogo. Watu wengi hudhani kwamba chuma kikishazeeka kinaacha kuwa silaha. Nchini Marekani sheria ya mwaka wa 1968 inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka wa 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, na hivyo wazungu wengi kwenye mitandao huzungumza kana kwamba dunia nzima iko hivyo. Hapa kwetu kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, nayo yataka cheti kwa mwenye silaha. Sikutaka Idi awe mtu wa kumweleza askari wa barabarani, saa tatu usiku pale mzunguko wa Pangani, kwamba hiki kilicho chini ya kiti ni cha makumbusho. Nilimpa namba ya wakili mmoja ninayemjua. Asubuhi wakili akapiga simu kituoni, akaeleza kwamba familia imekuta silaha kuukuu ndani ya vitu vya marehemu na inataka kuisalimisha, na askari wawili wakaja wenyewe nyumbani kuichukua. Mimi nilikuwapo kwa mwaliko wa bibi yake Idi. Hakuna aliyeinua sauti.

Na huyo bibi ndiye mwenye kisa.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooshwa kwa ajili ya goti, leso imefunika kichwa. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu. Wamekwambia ni ya nani?" Sikuwa nimeambiwa. Basi akanieleza, mbele ya askari, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kukisimulia mara mia.

Babu yake, alisema, alikuwa kijana mdogo, boi kwenye behewa la mzungu wa polisi ya reli. Mzungu huyo alikwenda Kima kumvizia simba, usingizi ukamchukua, simba akaingia ndani ya behewa na kumtoa kupitia dirishani. Katika fujo hiyo bastola ilianguka chini ya kitanda. Babu akaiokota. Ndiyo hii.

Kila aliyekwenda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi anamjua mzungu huyo. Ni Charles Ryall, na mkasa wake ni wa Juni 1900. Behewa lenyewe bado lipo pale, unaweza kusimama nje ukalipima dirisha kwa macho na kujiuliza simba alipitaje. (Wapo wanaosema kituo kiliitwa Kima kwa sababu ya kilichompata. Si kweli, jina lilikuwepo tayari, ila mzaha huo hautakufa.) Kisa cha Bibi kilikuwa na mambo mengi yaliyo sahihi: mwezi, mahali, dirisha, hata kwamba walikuwa wazungu watatu usiku ule. Ndiyo maana nilikiogopa. Hadithi yenye maelezo sahihi hukufanya uamini na lile moja lisilo sahihi.

Nikamwomba sajini wa kituo aniruhusu kuitazama akiwa ameishika yeye. Alinikubalia siku ya pili. Akaifungua kwanza, akanionyesha vyumba vyote vitupu, akaitandaza juu ya gazeti, akavuta kiti. "Una nusu saa, Mzee."

Nilikuwa na kioo changu cha jichoni, kalipa (kifaa cha kupimia upana na kina) na tochi ndogo. Jambo la kwanza lililonitia haya ni kifyatulio, au traiga kama wasemavyo askari. Hakikuwa na kile kizingo cha chuma cha kukilinda. Kilikuwa kimekunjwa mbele, kimelala chini ya fremu kama kisu cha mfukoni. Ukikivuta kwa ukucha, kinasimama. Pili, nyundo ya kupigia risasi haikuonekana. Mgongo wa bastola ulipanda ukaifunika yote. Ubavuni kushoto palikuwa na kitufe cha usalama. Mtutu haukufika sentimita tano. Mpini ulikuwa wa mpira mgumu mweusi wenye michoro ya misalaba midogo, na nikeli imebanduka kama rangi ya mlango wa mabati. Hakuna Bulldog ya Webley ya namna hiyo. Nilimwambia sajini nimekosea, akacheka, akasema yeye tangu awali alidhani ni kiberiti cha sigara.

Umbo hili lina jina lake, na jina lenyewe linachekesha: Velodog. Charles-François Galand, mfua bunduki aliyefanya kazi Liège, mji wa Ubelgiji, na Paris, aliitoa mwaka wa 1894. Miaka ile baiskeli ilikuwa imeshika Ufaransa, na mbwa wa mashambani walikuwa na tabia ileile waliyonayo mbwa wa Kitengela leo, ya kukimbilia miguu ya anayepiga pedali. Neno la Kifaransa la baiskeli likaunganishwa na la Kiingereza la mbwa. Traiga inakunjwa na nyundo inafichwa ili kisikwame kitu mfukoni. Zilikuwepo hata risasi zisizo na chuma ndani yake, zimejazwa pilipili, kwa wale waliomwonea mbwa huruma. Muda mfupi baadaye karakana za Liège, za Eibar huko Uhispania na kwingineko zilikuwa zikimwaga bastola za umbo hilo kwa maelfu, nyingi bila jina la aliyezitengeneza. Hii yetu nayo haikuwa na jina popote.

Ilikuwa na mihuri, lakini. Na hapa Idi alikuwa ametufanyia jambo ambalo bado linaniuma.

Kabla ya kunitumia picha, alikuwa ameisugua. Alichukua stilwuli ya kusugulia sufuria, na kwa nia njema kabisa akaupitisha upande wote wa kulia hadi ukang'aa kama kijiko. Upande wa kulia wa fremu na wa silinda sasa una alama za sufuria tu, na penye muhuri umebaki ukingo wa chini wa kitu kilichowahi kuwa cha duara. Bahati alichoka kabla ya kuugeuza.

Upande wa kushoto wa silinda, kwa mwanga wa tochi uliolazwa ubavuni (usimulike kutoka juu, mwanga wa juu huifuta mihuri), nikaona umbo la yai. Ndani yake E, L, G, na nyota chini. Juu ya yai, taji. Hiyo ni chapa ya nyumba ya majaribio ya Liège, mahali ambapo kila mtutu ulifyatuliwa kwa baruti nyingi kupita kawaida kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Yai lenye herufi ni la zamani sana, ila taji juu yake liliongezwa mwaka wa 1893. Kwenye mtutu palikuwa na R yenye taji, ambayo ni ya mtutu uliokatwa mifereji ndani, nayo ilianza 1894. Pembeni, nyota juu ya herufi, alama ya mkaguzi, ya tangu 1877. Kwa hiyo bastola ni ya Ubelgiji na haikupita jaribio kabla ya 1894. Hadi hapo kisa cha Kima kilikuwa bado kizima. Mzungu wa polisi mwaka wa 1900 angeweza kabisa kuwa na Velodog mpya.

Chini ya mpini, sajini alipofungua skurubu, palikuwa na namba yenye tarakimu nne. Idi alifurahi kupita kiasi nilipomwambia. Alidhani tumepata namba ya leseni. Namba za jinsi hii mara nyingi ni za mafundi wenyewe, ili vipande vilivyochongwa pamoja visichanganyike. Liège ilifanya kazi kwa watu wa majumbani: mmoja anachonga silinda jikoni kwake, mwingine mtaa wa pili anatengeneza fremu, mwenye duka anaviunganisha. Bila jina la mwenye duka, namba hiyo ni kama namba ya viatu.

Kilichoamua kisa ni matundu ya silinda. Risasi ya Velodog ya Galand, ile ya milimita 5.75, ni nyembamba na ndefu, ganda lake peke yake linakaribia milimita 30. Silinda yake lazima iwe ndefu. Niliiweka kalipa kwenye silinda ya Bibi: urefu wote, mwisho hadi mwisho, haukutimia milimita 27. Ganda la 5.75 lingetokeza mbele. Nikapima mdomo wa chumba: milimita 7.1 na nywele kidogo. Nikaingiza kijiti cha kupimia polepole, kikateremka kisha kikagonga ngazi, pale ambapo chumba hubana. Kina cha ngazi hiyo, milimita 16. Mbele yake tundu lilishuka hadi 6.4. Nilirudia kwa vyumba vyote, sajini akiandika namba nyuma ya kikaratasi cha chai. Zilitofautiana kwa sehemu za kumi za milimita, si zaidi.

Ganda fupi lisilofika milimita 16, kitako cha milimita 7 na kitu, risasi ya 6.35. Sajini aliitambua kabla yangu, maana wenye leseni mjini bado wanazibeba: ni 6.35 ya Browning, hii hii inayouzwa madukani hadi leo. John Browning aliibuni kwa ajili ya bastola ndogo ya mfuko wa kizibao iliyotengenezwa na FN, kiwanda cha Herstal, kando ya Liège yenyewe. Bastola ile ni ya 1905. Ilipotapakaa Ulaya na risasi zake zikawa kila duka, karakana za Liège nazo zikaanza kutoboa silinda za Velodog kwa kipimo hicho.

Risasi ambayo haikuwepo hadi 1905 haiwezi kuwa na tundu lililotobolewa kwa ajili yake mwaka wa 1900. Ryall alikuwa ameshazikwa miaka mitano.

Na kuna jambo la pili ambalo sajini alilisema na mimi sikulipenda lakini ni kweli: silaha ambayo risasi zake zinapatikana leo si pambo. Spring yake ilikuwa bado inarudi.

Mpaka wa juu, yaani mwaka ambao baada yake isingeweza kutengenezwa, nilikuwa na tamaa nao. Kuanzia 1922 nyumba ya Liège ilianza kupiga herufi ndogo ya kuonyesha mwaka wa jaribio, a kwa 1922, b kwa 1923, na kuendelea. Upande wa kushoto hapana herufi hiyo. Upande wa kulia ungekuwa mzima, nao hauna herufi, ningesema bila kigugumizi kwamba ni ya kabla ya 1922, na kwa kuwa Wajerumani waliiteka Liège Agosti 1914, pengine ya kabla ya vita. Mimi binafsi, kwa jinsi nikeli na mpini vilivyo, naiweka kati ya 1906 na 1914. Ila hayo ni maoni ya fundi. Stilwuli ndiyo iliyobaki na ushahidi.

Nilipoteza pia siku mbili za karatasi: moja katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Moi Avenue, nyingine maktaba ya McMillan kwenye magazeti ya zamani, nikitafuta aliyekuwa akiuza bastola za namna hii Nairobi. Nilipata matangazo mengi ya chai na ya matandiko ya farasi. Niyaache hayo.

Kwenda kumwambia Bibi hakukuwa rahisi. Nilimchorea risasi mbili kwenye karatasi, ndefu na fupi, nikamweleza miaka. Alisikiliza hadi mwisho, akaitazama karatasi, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. "Basi babu katudanganya wote! Na alikuwa akitulisha hadithi hiyo kila Ramadhani." Akanyamaza. Kisha akasema babu yake hakuwahi kuwa boi wa behewa, hilo yeye alilijua siku zote. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja Parklands. Kuhusu alivyoipata bastola hakuwahi kuulizwa, na zama zile mpishi hakuulizwa akajibu.

Halafu akasema, "Lakini la makaa ni kweli. La makaa nililiona mwenyewe."

La makaa hakuwa amenigusia kabisa mara ya kwanza. Hadithi ya simba ilikuwa imelikalia.

Bastola ilikuwa ndani ya kopo la biskuti lenye picha ya Mfalme George wa Sita na mkewe, kumbukumbu ya kutawazwa kwao Mei 1937. Kopo halielezi bastola ilitengenezwa lini, linaeleza tu kwamba haikuwekwa humo kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1930 serikali ilibomoa kijiji cha Pangani, na wenye nyumba, babu yake akiwemo, wakahamia Shauri Moyo. Nadhani ndipo ilipoingia koponi, katika kufungasha.

Bibi alikuwa na miaka kumi mwaka wa 1954. Tarehe 24 Aprili wanajeshi na polisi waliuzingira mji mzima kwa ile operesheni waliyoiita Anvil, wakapekua Eastlands mlango kwa mlango. Waliokuwa wakisakwa, kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, walikuwa hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, lakini mlango ukigongwa haukuulizi kabila kwanza. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na bastola kulikuwa ni kitanzi. Si maneno ya kutisha watoto: Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa Oktoba 1956, shtaka lililompeleka kunyongwa Kamiti Februari 1957 lilikuwa la kuwa na bastola na risasi zake.

Asubuhi ile, alisema Bibi, bibi yake alilitoa kopo uvunguni, akalizika ndani ya gunia la makaa jikoni, akanawa mikono hadi viwiko, kisha akakaa kizingitini na ungo wa mchele. Askari waliingia, wakageuza magodoro, wakatoka. Yeye hakuacha kuchambua. "Mchele ule," alisema, "ulichambuliwa hata haukuwa na punje nzima."

Kopo lilibaki kwa familia, maana kopo si silaha. Nililiomba. Nikaliinamisha chini ya kioo, nikapitisha ncha ya sindano ndani ya mkunjo wa kifuniko, pale ambapo kitambaa hakifiki. Ilitoka na vumbi jeusi, vipande vidogo vyenye kung'aa kidogo na mistari ya mti ndani yake. Vilikuwa pande zote nne, hata kwenye mkunjo wa chini ambao kopo lililokaa rafuni lisingeupata kamwe. Nikamwonyesha. Hakushangaa, alinitazama tu kama ninayemwonyesha mkono wake mwenyewe.

Idi alitaka kujua bei. Velodog zisizo na jina ziko nyingi mno Ulaya na hazimtajirishi mtu. Na hapa haiuzwi. Silaha zilizosalimishwa kwa kawaida huishia motoni, kama zile zaidi ya 5,000 zilizoteketezwa Ngong mwaka wa 2016. Nimeisaidia familia kuandika barua, wakili akaitia mhuri, kuomba kwamba hii izibwe mtutu na ifikiriwe kwa makumbusho pamoja na maelezo ya Bibi. Barua imepokelewa. Jibu bado.

Nilipokwenda kituoni kupeleka nakala, sajini alitoa daftari la silaha. Mstari wetu ulikuwa umeandikwa siku ya kwanza: "Rivolva moja, kuukuu, aina haijulikani." Akasoma kurasa zangu mbili, akarudi kwenye mchoro wa silinda, akausoma tena. Kisha akachukua kalamu, akakata maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka, na kuniuliza Velodog inaandikwaje.